Uzi: Neno "tribe" lilianzia kwenye daftari la wapiga kura

1/ Uchaguzi ukikaribia, kuna hoja moja haikosi kwenye mijadala ya runinga na hata kwenye stage ya matatu: ati siasa za Kenya haziwezi kubadilika kwa sababu kabila ni damu. Wa upande huu anaisema akilalamika, wa upande ule anaisema akijigamba. Wote wawili hawaulizi hilo neno la Kiingereza wanalolirudia, "tribe", lilitoka wapi na lilikuwa na kazi gani. Leo tulifuate mpaka lilikozaliwa. Sheria za uzi ni zile zile: hakuna jina la mwanasiasa wetu, hakuna jina la chama. Ukija na matusi, nakublock bila kuaga.

2/ Kiingereza hakikulizaa neno hili. Kililipata kutoka Kilatini, "tribus", wakati mwingine kupitia Kifaransa cha zamani. Warumi wenyewe walisimulia kwamba mji wao ulianza na tribus tatu: Ramnes, Tities na Luceres. Ndiyo maana wengi hulihusisha na "tri", yaani tatu, ingawa wanaisimu hawajakubaliana juu ya hilo. Hiyo hadithi ya mwanzo tuiache hapo. Kinachojulikana vizuri ni jinsi Roma ilivyolitumia baadaye, na hapo ndipo mambo yanaanza kufanana na yetu.

3/ Kufikia mwaka 241 K.K., Roma ilikuwa na tribus 35: nne za mjini na 31 za mashambani. Kila raia aliandikishwa katika moja. Huko ndiko alikohesabiwa, alikotozwa kodi, alikochukuliwa jeshini na alikopigia kura. Mgawanyo huo, ambao mapokeo yanasema uliwekwa na mfalme Servius Tullius, ulifuata mahali mtu anapoishi. Haukufuata lugha wala babu mmoja.

Ni kweli mtoto alirithi tribus ya baba yake. Lakini maafisa wa sensa walikuwa na mamlaka ya kumtoa mtu tribus moja na kumtia nyingine kama adhabu. Sasa jiulize: damu ya mtu inahamishwaje kwa kalamu?

4/ Angalia na watoto waliozaliwa na neno hilo. "Tributum" ilikuwa kodi ya raia, iliyokusanywa tribus kwa tribus. "Tribunus" alikuwa afisa aliyefungamana na tribus. "Tribunal" lilikuwa jukwaa alilokalia hakimu. "Tribuere" ilimaanisha kugawa, kila upande upate fungu lake. Kutoka hapo Kiingereza kikapata "tribute", "contribute" na "distribute".

Yaani ukichanga pesa kwenye harambee na mtu akaandika "contribution" kwenye risiti, neno "tribe" limo humo ndani. Ukoo mzima wa maneno haya unazungumzia kuhesabu watu, kuwatoza na kuwagawia.

5/ Sasa tuje kwenye kura. Katika mkutano wa tribus, kura yako haikuenda moja kwa moja kwenye jumla ya taifa. Ilihesabiwa ndani ya tribus yako, na tribus nzima ikatoa kura moja. Ukipata 18 kati ya 35, umeshinda. Tatizo? Tribus nne za mjini zilijaa watu hadi pomoni, na tribus za mashambani zilikuwa 31. Fukara wa mjini, na watumwa waliopewa uhuru, kwa kawaida walisukumwa kwenye hizo nne.

Mwaka 312 K.K. afisa mmoja wa sensa aliwatawanya watu wa chini katika tribus zote. Mwaka 304 wenzake waliomfuata wakawarudisha kwenye zile nne za mjini. Hakuna aliyenyimwa kadi ya kura. Waliwekwa tu mahali ambapo kura yao haiwezi kubadilisha kitu. Wale wa Twitter ya Kenya wanaobishana kila mwaka kuhusu "mtu mmoja, kura moja, shilingi moja" na mipaka ya maeneo bunge, mjue mjadala wenu una zaidi ya miaka 2,300.

6/ Na pesa za kampeni? Roma ilikuwa na watu walioitwa "divisores", yaani wagawaji. Kazi yao ilikuwa kupitisha pesa za wagombea kwa wapiga kura, tribus kwa tribus. Mabroka wa kura, bana. Mgombea hakuhitaji kumjua kila mtu. Alihitaji kumjua yule jamaa anayeijua tribus ile, anayesema "watu wangu niachie mimi". Ukisikia mtu leo anajiita msemaji wa jamii nzima ambayo haikuwahi kumpigia kura ya kuwa msemaji, biashara yake ina umri mkubwa.

7/ Mfano mwingine. Kati ya mwaka 91 na 88 K.K. washirika wa Roma huko Italia walipigana vita na Roma, wengi wao wakidai uraia. Wakapewa. Lakini kupewa uraia ni jambo moja, na kuwekwa tribus gani ni jambo lingine. Mpango wa kwanza ulikuwa kuwabana raia hao wapya kwenye tribus chache, ili wingi wao usiwatishe raia wa zamani. Palizuka vurugu kubwa ya kisiasa Roma kabla hawajagawanywa katika tribus zote 35.

Kwa hiyo "wewe ni wa kabila gani" Roma lilikuwa swali la uzito wa kura. Watu walimwaga damu kwa ajili yake, ni kweli, lakini waligombania orodha.

8/ Ugiriki walikuwa na neno lao, "phyle". Hapa nitavunja sheria ya uzi na kumtaja mwanasiasa, lakini huyu hana chama tena: Kleisthenes wa Athens. Athens ya zamani ilikuwa na phyle nne. Mwaka 508 au 507 K.K. akaziweka kando katika siasa na kuunda kumi mpya. Kila moja aliijenga kwa vipande vitatu: kipande cha mjini, kipande cha pwani na kipande cha bara.

Yaani mvuvi wa pwani, mkulima wa bara na fundi wa mjini, watu ambao huenda hawajawahi kuonana, wakaambiwa: kuanzia leo ninyi ni phyle moja, mtapigana vita bega kwa bega, na mtatoa wajumbe 50 kwenye baraza la watu 500. Wanahistoria wengi wanaona lengo lilikuwa kuvunja nguvu za familia kubwa zilizokuwa na wafuasi wao katika kila eneo. Makabila kumi mapya, yameundwa kwa sheria, kusudi watu wachanganyike. Na yakadumu kwa karne nyingi.

9/ Basi damu iliingia wapi? Iliingia kupitia tafsiri. Biblia ya Kiebrania ina maneno mawili kwa yale makabila ya Israeli: "shevet" na "matteh". Yote mawili pia yana maana ya fimbo. Mzee yeyote Mkenya aliyewahi kukabidhiwa fimbo kwenye jukwaa anaelewa picha hiyo bila kuelezwa. Ila hapa kundi lilihesabiwa kwa wana wa baba mmoja, Yakobo.

Wayahudi walipotafsiri vitabu vyao kwa Kigiriki, kuanzia karne ya 3 K.K., wakaweka "phyle". Biblia ya Kilatini ikaweka "tribus". Hivyo neno la ofisi ya sensa likavikwa nguo ya ukoo, na nguo hiyo halijaivua mpaka leo.

10/ Kiingereza kilipolichukua neno hili katika karne ya 13, kilililenga kwanza Israeli na makabila yake 12. Wasemaji wake hawakulijua kutoka kwenye daftari la kura la Roma. Walilijua kutoka kanisani. Baadaye wakalipanua lihusu kundi lolote linalodai babu mmoja, na kufikia karne ya 19 likawa neno la kuwaitia watu waliodhaniwa kuwa nyuma kimaendeleo: Waafrika, wenyeji wa Marekani, na wengine.

Kuna kejeli hapo. Warumi walipoandika kuhusu watu waliowaona washenzi, aghalabu waliwaita "gentes" au "nationes". "Tribus" walijiita wenyewe, raia wenye haki ya kura. Kiingereza kikageuza meza. Leo Wales, watu milioni 3.1 kwa sensa ya 2021, ni "nation" na ina timu ya taifa. Waluhya, zaidi ya milioni 6.8 kwa sensa ya 2019, ni "tribe". Nani alipima?

11/ Huku kwetu pwani, neno hilo lilikuta lugha yenye maneno yake tayari. "Kabila" ni la Kiarabu, "qabila", kutoka mzizi wa q-b-l unaobeba wazo la kuelekeana. Mzizi huo huo umetupa kabla, kibla, mkabala, kukabili na hata kukubali. Kwa hiyo ndani ya kabila kuna watu wanaotazamana uso kwa uso. Neno lenyewe halisemi kama wanakubaliana au wanakabiliana.

Lakini angalia Mombasa. Waswahili wa Mombasa wa asili wanajulikana kama Thenashara Taifa, yaani Mataifa Kumi na Mawili: Tisa Taifa na Thelatha Taifa. Hizo tatu ni Kilindini, Changamwe na Tangana. Kwenye zile tisa utakuta Mvita, Jomvu, Mtwapa, Kilifi. Majina ya mahali, kama tribus nyingi za Roma. Na waliziita taifa, neno lile lile tunaloimbia wimbo leo! Wazee wale hawakuona aibu kuita kundi dogo taifa, na hawakuona shida mji mmoja kuwa na mataifa 12.

12/ Halafu ikaja serikali ya kikoloni, na bila kutaka kufundisha historia, ikairudisha "tribe" kwenye kazi yake ya Kirumi: hesabu, kodi, mipaka. Kodi ya nyumba ilianza mwanzoni mwa karne ya 20. Sheria ya mwaka 1915 ikaleta kipande, ambacho baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kila mwanamume Mwafrika mtu mzima alilazimika kutembea nacho, wengi wakikivaa shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kilikuwa na alama za vidole, jina la mwajiri, na kabila. Mwaka 1926 maeneo 24 ya kuishi Waafrika yakatangazwa rasmi na kuchorewa mipaka kwa misingi ya kikabila.

Tofauti na Roma ni moja, na ni kubwa. Mrumi aliandikishwa kwenye tribus ili alipe kodi na apige kura. Mkenya aliandikishwa ili alipe kodi na asitoke bila ruhusa. Kura haikuwepo.

13/ Ukitaka kujua kwa nini siasa zetu zina ramani zilizo nazo, kumbuka mwaka 1955. Wakati wa Hali ya Hatari vyama vya kisiasa vya Waafrika vilikuwa vimepigwa marufuku. Vilipokuja kuruhusiwa tena mwaka huo, viliruhusiwa katika ngazi ya wilaya tu. Chama cha nchi nzima, hapana. Na wilaya nyingi zilikuwa zimechorwa kufuata kabila.

Kwa hiyo kizazi kilichoingia kwenye mazungumzo ya uhuru kilijifunza siasa ndani ya vyumba vya wilaya. Mwanasiasa alijenga ngome nyumbani kwanza, kisha akaenda kuunganisha ngome na ngome. Ukisikia leo hesabu ya "tukichukua eneo lile na lile tumeshinda", hiyo hesabu ina tarehe ya kuzaliwa. Haikutoka kwenye mifupa ya mababu.

14/ Na majina mengine tunayodhani ni ya tangu uumbaji? "Kalenjin" maana yake ni kama "nakwambia". Lilianza kutumika kama jina la pamoja miaka ya 1940, likikusanya jamii zenye lugha za karibu. "Mijikenda", yaani miji tisa, nalo lilishika miaka hiyo hiyo. "Luhya" lilipata nguvu miaka ya 1930 na 1940. Lugha, koo, kaya na mila zilikuwepo kabla ya hapo, hakuna anayebisha. Kilichokuwa kipya ni mwavuli, na watu waliufungua wenyewe kwa sababu walihitaji sauti kubwa mbele ya serikali iliyowahesabu kwa makundi.

15/ Hapa najua kuna mtu tayari anaandika: "Unaona, ukabila ni wa Mzungu, sisi tulikuwa ndugu." Polepole. Hiyo hoja ni rahisi mno, na inatuosha mikono. Watu waligombania malisho na mifugo kabla ya meli yoyote ya Ulaya. Na mwaka 2007 na 2008 zaidi ya watu 1,100 walipouawa baada ya uchaguzi, walioshika panga na bunduki hawakuwa maafisa wa kikoloni. Asili ya neno haituambii sisi ni akina nani, wala haimwondolei mtu lawama. Inatuonyesha kitu kimoja tu: kundi la kisiasa huundwa, huandikwa, hupanuliwa na hufungwa na watu wenye kalamu. Likishaundwa linauma kama la asili.

16/ Ushahidi uko karibu. Oktoba 2016 Wamakonde, ambao wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, walitembea kutoka Kwale mpaka Nairobi kudai vitambulisho. Bila kitambulisho hakuna laini ya simu kwa jina lako, hakuna akaunti ya benki, hakuna kura. Serikali ikawatambua, na wakaitwa kabila la 43 la Kenya. Julai 2017 Wakenya wenye asili ya Asia wakatangazwa kabila la 44. Baadaye Washona wakapata vitambulisho mwaka 2021, na Wapemba wakatambuliwa mwaka 2023.

Tafakari hilo. Watu waliozaliwa hapa, babu zao wamezikwa hapa, ilibidi kwanza wawe kabila ndipo wawe raia. Roma pia ilikuwa hivyo: ukipata uraia, swali la kwanza ni uandikwe tribus gani. Kwa Mmakonde neno hili lilikuwa mlango wa kuingilia, na mlango ule ulifunguliwa kwa tangazo la serikali.

17/ Ndiyo maana siungani na wanaosema tulifute neno na mambo yaishe. Sheria ya Uwiano na Utangamano ya 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja. Huwezi kupima hilo kama huhesabu. Wanasiasa nao wamejifunza: siku hizi jukwaani wanasema "jamii", hesabu ni ile ile.

Katiba ya 2010 ilijaribu njia mbili. Kifungu cha 91 kinakataza chama kuundwa kwa misingi ya kabila, na hiyo ni rahisi kuizunguka kwa katiba nzuri ya chama na ofisi za kaunti zisizofunguliwa. Kifungu cha 138 ndicho kinachofanana na Athens: mshindi wa urais apate zaidi ya nusu ya kura zote, na pia angalau asilimia 25 katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani 24 kati ya 47. Kinamlazimisha mgombea kutoka kwake. Ila kuna tofauti na Kleisthenes. Yeye alimchanganya mwananchi wa kawaida na mwananchi mwenzake. Sisi tumewachanganya vigogo kwenye meza ya muungano, mwananchi akabaki kwenye kipande chake akisubiri kuambiwa tunaenda wapi.

18/ Kwa hiyo wakati mwingine mtu akisema "kabila ni damu", usimtukane na usimwambie tu kwamba ni mkabila. Muulize maswali matatu. Hili kundi lilichorwa lini, na nani? Likihesabiwa, nani anapata fungu na nani anaongezwa tu kwenye orodha? Na wewe unayesema kwa niaba yangu, nilikuchagua wapi?

Mwenye majibu atajibu. Asiye nayo atarudi kwenye damu.

Wiki ijayo: "bajeti", neno lililoanza kama kifuko cha ngozi. Maswali yaje hapo chini, na kama kwenu kuna jina la jamii lililo na historia kama hii, liandike. Nasoma zote.